Fomu Yenu Bado Iko Kwangu

Kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda na wenzao wa barazani,
Ngamiani, Tanga

Wajukuu zangu,

Assalaam alaykum. Na wale ambao si Waislamu, heri kwenu na kwa wazee wenu.

Ijumaa ile mlipokuja kwangu baada ya Magharibi, wanne, mkavua ndala mlangoni na kuniamkia mmoja mmoja, moyo ulinidunda. Vijana wanne kumjia mzee kwa adabu namna ile, ama pana msiba ama pana posa. Kumbe ilikuwa bahasha ya kaki. Ndani yake fomu ya mkopo wa vijana wa halmashauri, majina sita, katiba ya kikundi iliyochapwa vizuri kuliko katiba za vyama vyetu vya kuzikana, na nafasi moja wazi: mlezi wa kikundi. Mlitaka niijaze mimi, kwa kuwa jina langu mtaani halina doa.

Biashara mliyoandika ni kuku wa mayai, mia tatu. Nikauliza banda liko wapi, mkatazamana. Nikauliza hawa wawili wa chini ni akina nani, maana barabara hii watu wake nawajua mpaka wapangaji wa uani. Mmoja mkasema yuko Dar es Salaam. Wa pili mkasema, "Yupo yupo tu, Babu."

Nilicheka, nanyi mkacheka. Halafu yule mwenye jezi ya Coastal Union akasema maneno ambayo mpaka leo sijamaliza kuyatafuna: "Babu Karani, wakubwa wanakula mabilioni na hawafanywi kitu. Sisi tukigawana milioni chache, nchi ndiyo itakufa?"

Sikuwa na jibu. Nikasema niachieni karatasi. Sasa jibu ninalo, refu kidogo, na nimeamua kuliandika hadharani kwa sababu swali lile si lenu peke yenu. Nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia soko la samaki, na nimelisikia likitoka kwa watu wenye ndevu nyeupe kuliko zangu.

Nianze na hiyo mnayoiita hela ya serikali. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Vizuri. Lakini mapato ya ndani ni nini? Si fedha iliyoshushwa kutoka Dodoma ndani ya begi. Ni ushuru. Ni yule mama anayeamka alfajiri kwenda soko la samaki la Deep Sea na ndoo yake kununua vibua. Ni muuza mihogo wa Mgandini, ni leseni ya kinyozi, ni ushuru wa gari la machungwa lililoshuka kutoka Muheza. Mkigawana hela ile hamjamwibia waziri yeyote. Mmemwibia mama wa ndoo. Na yule mwenzenu wa mtaa wa nyuma mwenye kiti cha magurudumu, anayeshona viatu, siku atakapokwenda kuomba katika ile mbili yake ataambiwa mfuko umekauka, arudi mwakani.

Tena haya si ya kutishia watoto. Mwaka 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima, baada ya wakaguzi kukuta vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Ikaja kurudishwa mwaka 2024. Muda wote huo vikundi vya kweli vilikaa vikingoja, kwa sababu ya watu waliokuwa wapo wapo tu.

Sasa nikae kitako, maana hapa nafika kwenye langu. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika jina hewa. Bi mkubwa wangu analijua, watoto wangu wanalijua nusu, ninyi hamkulijua mlipokuja kutafuta jina lisilo na doa.

Baba yangu aliletwa Tanga kutoka Songea mwishoni mwa miaka ya 1940 na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikikusanya wafanyakazi kutoka mbali. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu alikuwa namba. Alipewa pia kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku isiyotiwa alama kwenye kipande haikuwahi kuwapo duniani, hata kama mgongo unaikumbuka. Mzee wangu hakujua kusoma. Lakini kila usiku, mbele ya moto, alikitoa kipande chake na kuzipitia zile alama kwa kidole, moja moja, midomo ikicheza. Mama akimwambia alale, anasema ngoja nimkague karani. Hiyo ndiyo elimu ya kwanza niliyoipata: mtu asiyejua kusoma anakagua karatasi ya mtu anayejua.

Nami nikaja kuwa karani. Ilikuwa mwaka 1971, nina miaka 21 na cheti cha darasa la nane, katika shamba moja la juu, njia ya Korogwe, jina lake halina haja. Kazi yangu ilikuwa kupita shambani na kitabu. Mkata mkonge hufunga majani thelathini kuwa tita, matita hupangwa, karani anahesabu na kuandika, kisha mzigo unapanda troli kwenda korona, ule mtambo wa kusaga mkonge, na singa, yaani nyuzi zake, zinakwenda kuanikwa juani. Kazi ya mkata ni ya miiba na jua. Kazi yangu ilikuwa ya kivuli cha kofia na penseli.

Alikuwapo nyapara mmoja, mcheshi, hakosi swala. Siku moja akaniambia: fulani amerudi kwao na hatakuja tena, lakini usimfute, mwache aendelee. Akaendelea. Kwa miezi minne mtu yule alikata mkonge wetu akiwa kijijini kwao, safari ya siku kadhaa kutoka pale, na alikuwa mkata hodari kuliko wote, maana hakuugua hata siku moja. Sehemu yangu nikanunulia baiskeli, Phoenix nyeusi. Nilikuwa na mchumba Muheza, na mnajua Tanga mtu bila baiskeli alikuwa si mtu. Kila nilipoipanda nilijiambia maneno yenu yale yale: shamba ni kubwa, wakubwa wanakula, mimi nimechukua tonge.

Nilichokuwa sikijua ni kwamba fundi wa korona naye alikuwa na tonge lake kwenye vipuri. Mtu wa dizeli ana lake. Wa bohari ana lake, tena la nyama. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, na kila mmoja alikuwa akimlaani meneja.

Sisemi ni sisi tuliouua mkonge. Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, vilivyofika hapa vikiwa hai vilikuwa 62. Sitini na viwili! Tunajua kwa sababu vilihesabiwa. Kutokana na hivyo 62, mwaka 1964 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 230,000 za singa, hakuna aliyetufikia duniani. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, mitambo ikachakaa, na kufika mwaka 2000 mavuno hayakufika hata tani 25,000. Wasomi wana maelezo yao na yote ni ya kweli, sibishani nao.

Ila mkonge una tabia yake ambayo wasomi wa ofisini hawaioni. Unakatwa kwa miaka kumi hivi, zaidi au pungufu, halafu unatoa mlingoti mrefu kwenda juu na kufa. Shamba linalopandwa upya kidogo kidogo kila mwaka halifi. Lisilopandwa linaendelea kuwa la kijani, wageni wanalisifu, mpaka siku milingoti inapochomoza shamba zima kama makaburi. Kupanda upya kunataka akiba. Akiba ilikuwa vitabuni. Na vitabuni tulikuwa na wakata mkonge wasio na mikono.

Siku korona iliposimama, wale wakata wa kweli walikaa juu ya reli za troli mpaka jioni wakingoja isikike tena. Nilipita mbele yao na baiskeli. Hakuna aliyesema kitu, hawakujua. Mwezi uliofuata niliiuza Phoenix ile ili nipate nauli na kodi ya chumba hapa Ngamiani.

Sasa turudi kwa wakubwa, maana mtasema Babu amewakwepa. Sitawaambia hawali. Tume ya Jaji Warioba ilikwisha kuandika habari za rushwa nchini mwaka 1996, wengi wenu hamjazaliwa. Mwaka 2008 Waziri Mkuu alijiuzulu kwa mambo ya Richmond, ile kampuni ya umeme wa dharura. Mwaka 2014 ikaja Escrow, kashfa nyingine ya fedha za umeme. Na kila mwezi wa nne ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, inawekwa mezani bungeni, nasi tunakaa na kahawa yetu, mmoja anasoma tarakimu kwenye simu, wengine tunaangua kicheko kama tunasikiliza mabao.

Kicheko kile ndicho kinachonikosesha usingizi, si tarakimu. Mtu aliyeibiwa kuku wake hacheki. Anayecheka ni yule anayejiona angekuwa pale naye angefanya vile vile, na anamvulia kofia mjanja aliyemtangulia. Ndiyo maana nawaambia swali lenu mmeliuliza kinyume. Mliuliza kama milioni zenu chache zitaua nchi. Mimi nasema milioni zenu chache ndizo zinazomlinda mla mabilioni. Mwizi mkubwa hataki askari wa kumlinda. Anataka mashahidi waliokwisha kula.

Angalieni takrima. Neno zuri la watu wa pwani, ukarimu wa mwenye nyumba kwa mgeni. Mwaka 2000 likaingizwa katika sheria ya uchaguzi, ikawa mgombea anaruhusiwa kukirimu wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikalifuta. Mahakamani likafa, uani kwetu likaendelea kupakua pilau. Kanga moja, fulana moja, noti ya elfu kumi iliyokunjwa. Nilikuwapo kwenye mkutano mmoja, zamani kidogo na si kata hii, bibi mmoja akasimama kumuuliza diwani habari za kalavati lililobomoka. Yule bwana hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu, akasema, "Mama, hiyo kanga uliyovaa si yangu?" Watu wakacheka. Bibi akakaa. Kalavati sijui kama limejengwa.

Na tusijidanganye kwamba vikao havipo. Kijijini, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Mjini tuna mikutano yetu ya mtaa. Ule wa mwisho niliohudhuria tulikuwa kumi na wanne, na kumi kati yetu walikuwa akina mama. Mkabala na pale, kibanda umiza kilikuwa kimejaa mpaka watoto wanachungulia kwenye matundu ya bati. Siuchukii mpira. Coastal walipochukua ubingwa mwaka 1988 nililia mbele za watu, na nikiona dalili nitalia tena. Lakini ninyi mnaomjua kila mchezaji wa ligi ya Uingereza na bei aliyonunuliwa, mwambieni Babu, tozo ya stendi yenu inakusanya shilingi ngapi kwa siku? Mnalipa kila siku. Hamjui.

Mmekaa mnangoja bomba la mafuta. Nimewasikia. Bomba likianza, tutapata kazi. Bomba lile lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapo, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2017. Mafuta yenyewe ni mazito, yana nta, yasipopashwa moto yanaganda njiani. Bandari nayo imechimbwa. Meli ambazo zamani zilitia nanga mbali zikapakuliwa kwa matishari, leo zinafunga gatini. Haya ni mambo makubwa na mimi nimefurahi kuyaona kabla sijafa. Ila nimekwisha kuuona mji huu ukiishi kwa kitu kinachokuja. Tuliishi kwa mkonge, tukaishi kwa reli, tukaja tukaishi kwa viwanda, cha mbolea, cha chuma. Kila kilipokuja tulikuwa na watu wa kubeba na watu wa kulinda, na wachache mno wa kuandika na kukagua. Kilipoondoka kikatuacha na magofu na hadithi. Mmoja wenu amejifunza kuchomelea vyuma pale VETA, chuo cha ufundi, mmoja tu, na hata yeye mnamwita fundi mageti kwa dharau.

Wala hesabu si ya serikalini tu. Shemeji yangu analima viazi Lushoto. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na yeye anauza lumbesa, gunia lenye kilemba, kwa sababu mnunuzi amesema asipoujaza mlima ule juu yake ataondoka. Nilimwambia anunue mizani, yeye na majirani zake watano. Akasema mizani italeta ugomvi. Nikamwambia ugomvi upo, ila kwa sasa anagombana peke yake na mgongo wake. Amenuna tangu Idi.

Mnataka kujua nani katika mji huu anajua kuhesabu? Ingieni uani kwa bi mkubwa wangu Jumatano alasiri. Ana kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana, wanawake kama ishirini hivi, wauza maandazi, wasuka ukili, mmoja mwalimu mstaafu. Sanduku lao la chuma lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wanawake watatu ambao, nawaambia kwa siri, hawapendani sana. Ndivyo walivyowachagua. Sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo. Fedha inamwagwa mkekani, inahesabiwa kwa sauti, mara mbili, na kila mtu anaiandika kwenye kitabu chake. Yule bibi asiyejua kuandika anafunga fundo kwenye uzi. Nilimuona akifunga mafundo yale nikamkumbuka mzee wangu na kipande chake, nikaingia ndani kunawa uso.

Mwaka juzi mmoja wao alichelewesha marejesho, tena ni mtu wa heshima, mkwe wa mtu mkubwa. Hawakumtukana wala hawakumcheka. Walimwambia, bibi, kaa hapa mbele, tueleze. Alieleza, ilikuwa ugonjwa, wakampa muda, akalipa. Nchi hii haijawahi kumuuliza mkubwa kwa sauti ya namna ile, ya upole na bila kicheko, na ndiyo sauti pekee ninayoiona mkubwa atashindwa kuijibu kwa kanga. Lakini haiwezi kutoka kinywani mwa mtu ambaye jina lake liko kwenye orodha ya kuku wasiokuwepo.

Wenye maduka wa zamani pale sokoni walikuwa na msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Waliuandika ukutani juu ya kidawati cha fedha, na wengi wao walikuwa wakali kwa wadeni kama wale nyuki wa vita vya Tanga vya 1914, waliowauma askari. Niliwaona wabahili. Sasa nimezeeka, nimewaelewa.

Basi fomu yenu bado iko kwangu, ndani ya kabati la vyombo, chini ya sahani za sikukuu. Sijaichana na sijaipeleka kwa mtu. Njooni Jumamosi baada ya Alasiri, mje wote. Huyo wa Dar es Salaam mfuteni kabla hamjaja, futio msisumbuke kutafuta, ninalo. Kuku mia tatu ni wengi kwa banda lisilokuwepo, andikeni hamsini. Uani kwangu upande wa mwembe pana ukuta wa zamani uliobaki nusu, bati saba ninazo, mbao mtatafuta ninyi. Fundi mageti atengeneze mlango, na apewe heshima yake, na alipwe. Daftari nimelinunua jana, la kurasa mia mbili. Atalishika mmoja wenu, si mimi, nami kila Ijumaa nitapita na miwani yangu kumkagua karani.

Sanduku mkitaka mfano, bi mkubwa amekubali kuwaonyesha. Amesema lakini mje mmeoga.

Na huyo aliye yupo yupo tu, kama kweli yupo, aje nimwone uso. Kalamu nitaiweka juu ya meza.

Babu yenu,
Karani